Fleti tumeipenda, mtaa hatuujui. Tulipe au tusubiri?

SWALI

Shikamoo mama,

Mimi ni muuguzi, nina miaka 38, nimeolewa na tuna watoto wawili, wa kiume miaka tisa na wa kike minne. Tunaishi Sinza kwenye nyumba ya kupanga, huu ni mwaka wa kumi na moja. Kila baada ya miezi sita ni mbio za kutafuta kodi, na safari iliyopita mwenye nyumba ametupandishia bila hata kutuita tukae tuzungumze. Tumechoka. Mwaka jana niliuza kiwanja cha Korogwe nilichoachiwa na marehemu baba, tukajumlisha na mkopo wa SACCOS ya mume wangu, tukasema sasa na sisi tutafute chetu.

Kujenga tuliogopa. Wote tunashinda kazini, hatuna wa kusimamia mafundi. Ndipo tukaona tangazo la fleti zinazouzwa huko nyuma ya Tegeta, unaacha lami unaingia ndani kama kilomita mbili. Jengo ni jipya, ghorofa nne, fleti 16. Tulioneshwa ya chini kabisa: vyumba viwili, kimoja masta, sebule kubwa, jiko lina makabati tayari. Bei milioni 120. Tumeenda mara mbili, zote Jumapili mchana baada ya misa, na afisa mauzo ndiye aliyekuja kutuchukua Mwenge kwa gari lake. Pametulia mama, upepo unapita, watoto walikimbia uani mpaka wakakataa kuondoka.

Sasa anataka milioni 15 za kushikia nafasi kabla Februari haijaisha. Anasema zimebaki tatu tu na kuna watu wengine wanazitaka. Mume wangu anasema tulipe. Mimi moyo unasita na nikiulizwa kwa nini sina jibu la maana. Kitu kimoja tu: siku ya pili nilimuuliza jirani mmoja wa pale kuhusu maji, akacheka kidogo akasema, "Mtazoea." Kazi yangu iko Upanga na zamu ya asubuhi inaanza saa moja na nusu. Kijana wetu ana pumu. Nilipomwambia mume wangu tuulizie kwanza mtaa ukoje, alisema nina tabia ya kutafuta sababu za kukataa neema. Wiki ya pili sasa tunaongea ya watoto tu.

Mama, mtu anauchunguzaje mtaa asiokuwa na ndugu wala rafiki? Na nimwambieje baba watoto bila kumvunja moyo?

Mwenye Wasiwasi, Sinza

JIBU

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nilisimama pale pale kwenye neno la jirani. Mtu ambaye maji yake hayamsumbui angekutajia siku yanayotoka, Jumanne na Ijumaa, basi. "Mtazoea" ni neno la mtu aliyekwisha kukata tamaa na jambo, na masikio yako ya uuguzi yamelitambua hata kabla akili haijapata maelezo. Hukuwa unatafuta sababu za kukataa neema. Ulisikia kitu.

Nikuhadithie la kwangu, kwa sababu na mimi nilinunua ya chini.

Mimi na marehemu mume wangu tulinunua fleti Mbezi Beach, upande wa baharini wa barabara. Ilikuwa Agosti. Tulikwenda kuiona mara nne, na mara zote nne jua lilikuwa linawaka, ardhi imekauka, kuta zimepakwa rangi mpya ya maziwa. Tukahamia Septemba, vuli zikapita na manyunyu tu, tukamshukuru Mungu. Aprili iliyofuata, saa nane usiku, niliteremsha mguu kitandani nikaukanyagisha kwenye maji hadi kwenye muundi. Friji lilikuwa limeng'oka mahali pake, limeelea mpaka mlango wa jiko likauziba. Tulitoka na watoto mgongoni. Jirani wa juu alitufungulia, akatupikia chai, akasema kwa upole kabisa: "Huwa yanaingia, ila mwaka jana hayakuwa mengi hivi."

Maji yalipoondoka tukaanza kusugua kuta. Ile rangi ya maziwa ikaanza kubanduka kwa vipande vikubwa kama ganda la yai, na chini yake nikaona mstari wa tope la zamani, umenyooka kama uliopigwa kwa rula, usawa wa goti langu. Nikaendelea kubandua. Chini ya ule mstari kulikuwa na mwingine, shubiri moja chini yake. Masika mawili yalikuwa yameandikwa pale ukutani, na aliyetuuzia alikuwa ameyapaka rangi.

Nilikaa kwenye ndoo nikalia. Sikulia kwa ajili ya friji. Nililia kwa sababu jirani wa juu alijua, mlinzi alijua, muuza genge wa pembeni alijua, bodaboda wote wa kijiweni walijua, na sisi hatukuwa tumemuuliza hata mmoja wao. Tulimuuliza anayeuza.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: msilipe mwezi huu. Mnalolijua mpaka sasa ni jengo, tena la Jumapili mchana, mmefika mkiwa mmekaa kwenye gari la mtu anayeuza. Mtakayeishi naye ni Jumatatu ya Aprili, saa kumi na moja alfajiri, kwa miguu. Huyo bado hamjakutana naye, na bahati yenu ni kwamba yuko karibu kufika. Masika yanaanza Machi. Wiki chache tu za subira zitawaonesha kitu ambacho mimi nilikilipia miaka saba.

Lakini msikae tu kusubiri mvua. Hata sasa hivi kwenye kiangazi ardhi inasema, ukijua kuisoma. Nendeni bila kumwambia afisa mauzo. Shukeni kwenye daladala, zitembeeni zile kilomita mbili kwa miguu, taratibu, na muangalie chini. Kuta za uzio za nyumba za jirani zina matundu yaliyoachwa kwa chini? Hayo ni ya kupitisha maji ili ukuta usisombwe. Vizingiti vya milango vimeinuliwa kwa tofali mbili au tatu, mpaka mtu anapanda kuingia ndani kwake? Kuna viroba vya mchanga vimepangwa kwenye kona, hata kama vimeshachakaa na kuota majani? Tazama matawi ya chini ya miti na nyaya za uzio, kama kuna vipande vya mifuko na nguo vimenasa kwa urefu usioelezeka, ujue kuna kitu kilivileta na hakikuwa upepo. Tazama viwanja vitupu. Kama Februari hii yenye jua kali kuna kiwanja kimestawi matete, au watu wamelima matembele na mchicha bila kumwagilia sana, hapo chini maji hayako mbali. Kisha tafuteni mtaro ulio mbele ya jengo lenu muufuate mpaka muone unakoishia. Mitaro mingi ya mitaa yetu mipya inaanza vizuri kwa zege halafu inaishia kwenye uwanja wa mtu. Huyo mtu asiwe wewe.

Na mto. Upande ule una Mto Tegeta na vijito vyake, na vijito vingine kiangazi vinaonekana kama njia ya mbuzi. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Hesabuni hatua kutoka korongo la karibu mpaka ukuta wa jengo. Si suala la sheria peke yake. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, watu wa bonde la Msimbazi walihamishiwa viwanja vya Mabwepande, huko huko mbele ya mnakotaka kwenda ninyi. Wengi wao walikuwa wamekaa bondeni miaka mingi wakiamini maji yana mipaka yake.

Halafu kuna hili la "zimebaki tatu". Muulizeni zipo ghorofa ya ngapi. Kwenye jengo lisilo na lifti, fleti za chini kwa kawaida hugombaniwa: wazee wanazitaka, wenye watoto wadogo kama ninyi wanazitaka. Kama kumi na tatu zimeuzwa na zilizobaki zote tatu ni za chini, basi waliotangulia waliona au waliambiwa jambo. Sisemi ndivyo ilivyo. Nasema liulizwe, na jibu lake mlifuatilie kwa macho yenu.

Umeniuliza mtu asiye na ndugu anaulizaje. Anauliza kwa wasiofaidika na mauzo, tena haulizi "huu mtaa mzuri?" Mtanzania ukimuuliza hivyo atakujibu mzuri, kwa adabu tu, hataki kuvunja bahati ya mgeni. Uliza maswali madogo ya maisha. Kwa bodaboda wa kituoni: "Masika unanipeleka mpaka lile ghorofa kwa bei gani?" Akikutajia bei, umejua nauli. Akisema "masika mwisho wangu pale kwenye mti," umejua kila kitu. Kwa mama wa genge, nunua nyanya zako, subiri watu wapungue: "Mama, nikihamia hapa maji ya kunywa nitachota wapi?" Kwa Mangi wa dukani, uliza anafunga saa ngapi. Duka linalofungwa saa moja jioni kwenye mtaa uliojaa watu lina sababu yake, na ataisema. Ukimkuta binti anarudi shule, angalia viatu vyake, kisha uliza anatoka nyumbani saa ngapi. Mlinzi wa jengo lenu mwache, analipwa na mwenye jengo. Mlinzi wa jengo la tatu ndiye wako.

Nendeni pia ofisi ya serikali ya mtaa. Jitambulisheni kwa mwenyekiti au mtendaji, semeni mnafikiria kuhamia. Ugomvi wa mipaka, kesi za wizi, malalamiko ya muziki wa baa usiku, na watu kugombania njia, vyote hupita kwanza kwenye meza ile kabla ya kwenda popote. Ulizeni hasa habari ya hiyo njia ya kilomita mbili: ni barabara ya ramani, au watu wamepisha tu kwenye viwanja vyao? Nimeona watu wakinunua nyumba nzuri, miaka miwili baadaye mwenye kiwanja cha mbele anajenga ukuta wake, na gari la maji halifiki tena.

Sasa safari ya kazini, maana hii itakula maisha yako kila siku kuliko kitu kingine chochote. Fanyeni hivi: Jumapili moja jioni waacheni watoto kwa mtu mnayemwamini, mlale nyumba ya wageni Tegeta. Jumatatu saa kumi na moja alfajiri wote wawili muwe mbele ya lile jengo. Angalieni kama kuna taa njiani. Angalieni kama kuna bodaboda au mnangoja. Kisha nenda kazini kwako Upanga kama siku nyingine yoyote, panda gari analopanda kila mtu, na uandike saa ulizopita Africana, Lugalo, Mwenge, na saa uliyovaa sare. Jioni rudi huko huko. Siku nyingine rudi baada ya zamu ya jioni, ushuke kituoni saa tatu na nusu usiku uone ni nani wengine wanashuka na kama kuna mwanamke anayeingia ndani peke yake kwa miguu. Barabara ya Bagamoyo imepanuliwa hadi Tegeta, ni kweli, lakini foleni ya asubuhi haisomi mabango. Na mwendokasi wa upande ule usiuweke kwenye hesabu mpaka siku utakayoupanda. Wa Kimara ulianza kubeba abiria Mei 2016, na watu walikuwa wameutazamia miaka.

Piga na hesabu ya fedha. Tuseme boda ni elfu moja kwenda na elfu moja kurudi, siku 26 za mwezi: 52,000 za kukufikisha kwenye lami tu. Baba watoto naye 52,000. Mtoto wa shule je? Hizo ni nauli kabla hata hujaingia kwenye daladala, na mvua zikinyesha bei inapanda. Nyumba ya bei nafuu iliyo mbali ina kodi yake, ila huilipi kwa mwenye nyumba.

Maji. Upande wenu unahudumiwa na mtambo wa Ruvu Chini ulioko Bagamoyo, na Ruvu inapopungua jiji zima linajua, kama ule mgao wa mwishoni mwa 2022. Kwa hiyo kuwa na bomba la DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, ukutani ni nusu ya jibu. Nusu nyingine ni akiba. Chukua kalamu: fleti 16, kila moja watu watano, kila mtu lita 50 kwa siku. Hizo ni lita 4,000 kila siku. Kama jengo lina matangi mawili ya lita 5,000, maji yakikatika Jumatatu asubuhi, Jumatano jioni mnachungulia tangi kavu. Ulizeni tangi la chini ya ardhi ni la lita ngapi, na muoneshwe ninyi wenyewe, lifunguliwe. Ulizeni pampu inaendeshwa na nini umeme ukikatika. Wakisema kuna kisima, ombeni maji ya kile kisima kwenye chupa, mkayachemshie chai nyumbani na mfulie kitambaa kimoja. Chai itawaambia habari ya chumvi, na sabuni isipotoa povu mtajua mtafulia nini miaka yote. Na simameni juu kwenye ngazi mtazame mapaa ya jirani: mtaa ambao kila nyumba ina simtanki mbili au tatu umeshajifunza kitu kwa shida. Yule jirani wa "mtazoea", mrudie. Safari hii kaa naye, mwulize anazoea nini hasa.

Majitaka nayo ulizeni yanakwenda wapi na gari la kunyonya linaitwa mara ngapi kwa mwezi, na nani analipa. Sehemu kubwa ya mitaa mipya ya Dar haina bomba la majitaka. Shimo la fleti 16 lililochimbwa kwa ajili ya nyumba mbili litafurika, na wa chini ndio wanaonusa kwanza.

Kuhusu kijana mwenye pumu naomba usiharakishe hata kidogo. Pale kilima cha Wazo, karibu na Tegeta, kuna kiwanda cha saruji tangu miaka ya 1960, malori yake yanatumia barabara hizo hizo, na barabara zenu za ndani ni vumbi jekundu. Pengine jengo lenu liko mbali na upepo unavuma kwingine, sijui limekaa upande gani wa kilima. Wewe pitisha kidole kwenye majani ya mti ulio mlangoni, kisha kwenye majani ya mti ulio mtaa wa tatu kutoka hapo. Futa kioo cha dirisha kwa kitambaa cheupe, urudi kukifuta baada ya wiki moja. Mpeleke mtoto mkashinde huko siku nzima ya katikati ya wiki, malori yakiwa kazini, na dawa yake ya kuvuta mkononi, uone usiku wake unakuwaje. Kisha zungumza na daktari wake. Wewe ni muuguzi, hili unalijua kuliko mimi. Nakukumbusha tu kwamba Jumapili mbili malori yakiwa yamelala hazikukupa jibu.

Ya karatasi nitayasema kwa kifupi, kwa kuwa yanahitaji wakili, na wakili awe wenu, asiwe yule mtakayetajiwa na muuzaji. Afanye upekuzi kwa Msajili wa Hati: ardhi ni ya nani, kuna rehani ya benki, kuna zuio la mahakama. Tangu mwaka 2008 tuna sheria inayomwezesha mwenye fleti kupata hati ya sehemu yake ya jengo. Ulizeni kama jengo hili limeshagawanywa kwa sheria hiyo, au kuna hati moja tu ya kiwanja kizima na ninyi mtapewa mkataba wa mauziano. Tofauti yake ni kubwa siku mwenye jengo akidaiwa. Ombeni kuona kibali cha ujenzi na majina ya mhandisi na mkandarasi, mkayahakiki kwenye bodi zao za usajili. Machi 29, 2013 jengo lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi lilianguka, likaua watu 36, na Novemba 2024 tukalia tena Kariakoo. Hakuna aibu kumwomba muuzaji karatasi hizi. Na mkiwa Manispaa ya Kinondoni, idara ya mipango miji, ulizeni kile kiwanja kitupu kinachotazamana na sebule yenu kimepangiwa nini. Upepo mlioufurahia unapita hapo kwa sababu bado hakijajengwa.

Jambo moja la karatasi silifupishi. Kiwanja cha Korogwe kilikuwa cha baba yako, akakuachia wewe. Nyumba yoyote mtakayonunua, majina yawe mawili kwenye hati, lako na la mwenzio. Mwambie sasa hivi, kwa mapenzi, kabla hamjachagua nyumba. Mume mwema hatakasirika, na wako kwa barua hii naona ni mtu mwema aliyechoka kuhangaika na kodi.

Ndiyo sababu na yeye nimemfikiria sana. Mwanamume aliyelipa kodi miaka kumi na moja, siku moja akawaona watoto wake wanakimbia uani kwake mwenyewe, ukimwambia "tusubiri" anasikia "hapana". Usimwambie amekosea, hajakosea. Nyumba mnaihitaji. Mwambie unaitaka kama yeye, na kwa kuwa unaitaka unataka kujua utaishije ndani yake. Kisha mpe kazi ya kufanya, wanaume wengi wanatulia wakiwa na kazi: yeye aende na wakili kwenye upekuzi, ahesabu matangi, azungumze na vijana wa bodaboda, maana kwake watafunguka zaidi. Ile alfajiri ya Jumatatu nendeni wote. Mkisimama gizani pamoja mkingoja usafiri hamtahitaji tena kubishana, mtakuwa mmeona kitu kimoja kwa macho manne. Na mwekee tarehe ili ajue subira ina mwisho: mwisho wa Aprili mnaamua, ndiyo au hapana, na hakuna atakayemlaumu mwenzake.

Afisa mauzo mwandikieni ujumbe leo hii, wa adabu: mnaipenda fleti, mnaomba nakala ya hati, ya kibali cha ujenzi na ya rasimu ya mkataba, na mtampa jibu baada ya wakili kuzipitia na mvua za kwanza kunyesha. Akizileta, mmepata mtu wa kufanya naye biashara. Akiwaambia imeuzwa, mwacheni aiuze. Toka Mbezi Beach mpaka Bunju kunajengwa kila siku, na milioni 15 zenu ziko salama kwenye akaunti yenu. Akibana sana na mkaamua kushikia nafasi kwa fedha kidogo, iwe kwa maandishi kwamba inarudishwa yote msipoendelea, iingie kwenye akaunti ya kampuni, isiingie kwenye simu ya mtu.

Na mvua ya kwanza kubwa ya Machi ikinyesha usiku, kesho yake msingoje jua lichomoze. Vaeni ndala, chukueni mwavuli, mkasimame mbele ya mlango wa ile fleti ya chini mtazame maji yanatoka wapi na yanaelekea wapi. Kisha niandikie.